Maswali ya wasomaji: San Gimignano, mji wa minara juu ya kilima

Toleo lililopita lilikuwa na picha ya San Gimignano, mji mdogo wa mkoa wa Toscana nchini Italia, uliojengwa juu ya kilima chenye urefu wa mita 324 hivi kutoka usawa wa bahari, na ambao minara yake humdhihirikia msafiri mapema kabla hajaufikia. Picha ile imetuletea barua nyingi kuliko tulivyotarajia. Kwa kuwa baadhi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti, nimechagua chache zinazowakilisha nyingine, na zile zinazogusa kiini cha historia ya mji nimezipa nafasi kubwa zaidi.

Ndugu Mhariri, naomba kufahamishwa minara ile ilijengwa kwa kazi gani. Rafiki yangu mmoja anashikilia kuwa ni minara ya makanisa, mwingine anasema ni ya walinzi. Je, mji mdogo kiasi kile ulikuwa na maadui wangapi hata ukahitaji minara yote ile? (Msomaji, Tanga)

Ndugu yangu wa Tanga, rafiki zako wote wawili wana sababu ya kufikiri walivyofikiri, lakini jibu liko kwingine. Minara mingi uliyoiona pichani ilikuwa mali ya watu binafsi. Ilijengwa na koo zilizotajirika katika karne ya 12 na ya 13, na inasemekana kwamba mji ulipokuwa katika kilele cha neema yake ilifika 72. Leo imesalia 14. Ulinzi ulikuwa sehemu ya kazi yake, kwa maana ukoo uliokuwa na mnara uliweza kujifungia humo siku mitaa ilipochafuka, ila adui aliyeogopwa hakuwa lazima atoke nje ya ukuta wa mji. Mara nyingi alikuwa jirani wa ng'ambo ya uwanja.

Ikumbukwe kwamba Italia ya wakati huo haikuwa nchi moja. Miji mingi ya kaskazini na ya kati ilijitawala, na ndani yake watu waligawanyika kati ya Waguelfi, waliomuunga mkono Papa, na Waghibelini, waliomuunga mkono Kaisari wa Dola Takatifu la Kiroma. Katika San Gimignano ukoo wa Ardinghelli uliongoza upande wa Papa na ukoo wa Salvucci ukaongoza upande wa Kaisari, na ugomvi wao ulirithiwa na watoto na wajukuu kwa vizazi kadhaa. Katika hali hiyo mnara ulikuwa ngome, na ulikuwa pia njia ya kuwatangazia watu mali ya ukoo, kwa sababu kuchonga mawe, kuyapandisha kilimani na kuyainua mita 40 au 50 kwenda juu ilikuwa kazi ambayo maskini hakuthubutu hata kuiota.

Kwa kuishi, minara hiyo haikuwa na raha. Kuta za chini zina unene wa karibu mita 2, nafasi ya ndani ni finyu, na madirisha ni machache na madogo. Ukiusogelea mmoja na kuutazama kwa makini utaona upande wa nje matundu ya mraba yaliyopangwa safu kwa safu. Humo zilichomekwa boriti zilizobeba roshani za mbao, ambazo ziliiongezea familia nafasi ya kupumua. Mbao zilikwisha kuoza zamani, na matundu sasa ni makazi ya ndege.

Serikali ya mji nayo haikukaa kimya. Mwaka 1199 San Gimignano ilijitoa chini ya mamlaka ya maaskofu wa Volterra, na tangu wakati huo ikaongozwa na mtawala aliyeitwa podesta, ambaye kwa kawaida aliletwa kutoka mji mwingine, akatumikia kwa muda mfupi, kisha akarudi kwao. Mimi naona utaratibu huo ulikuwa na busara kubwa, kwa kuwa hakimu asiye na mjomba wala shemeji mjini angeweza angalau kujaribu kuwasikiliza Ardinghelli na Salvucci kwa usawa. Mwaka 1255 ilipigwa marufuku mtu yeyote kujenga mnara unaouzidi ule wa jumba la podesta, unaoitwa Torre Rognosa na wenye urefu wa kama mita 51. Inasimuliwa kwamba Salvucci, wakiwa hawataki kushindwa na sheria, walijenga minara miwili inayofanana, mmoja ubavuni mwa mwingine, ili kwa pamoja ionekane kuupita ule wa serikali. Minara hiyo pacha ingalipo. Mrefu kuliko yote ulijengwa na mji wenyewe: ni Torre Grossa, wenye mita 54, uliokamilika mwaka 1311 kando ya jumba jipya la halmashauri.

Mhariri, pesa za kujenga minara hiyo zilitoka wapi, na kwa nini mji wenye utajiri kiasi hicho leo ni mdogo kuliko tarafa yetu? (Mwalimu wa historia, Morogoro)

Mwalimu, umeuliza swali ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu mgeni anayeitazama minara bila kujua habari ya njia iliyopita chini yake huwa ameona nusu tu ya mji.

Katika Enzi za Kati mahujaji wa Ulaya ya kaskazini waliokwenda Roma walifuata njia iliyotoka Canterbury, Uingereza, ikakatiza Ufaransa na milima ya Alpi, kisha ikashuka hadi kwenye makaburi ya mitume. Inaitwa Via Francigena. Mwaka 990 Sigeric, askofu mkuu wa Canterbury, alipokuwa akirejea kutoka Roma aliacha orodha ya vituo alikolala au kupumzika, na San Gimignano imo. Wakati huo mabonde ya eneo hilo yalikuwa na majimaji na maradhi, hivyo msafiri alipendelea kupita juu vilimani. Njia iliingia kwa lango la San Matteo upande wa kaskazini, ikapita katikati ya mji, ikatokea lango la San Giovanni upande wa kusini, na hadi leo mtaa mkuu unafuata mstari huo huo. Hujaji alihitaji mkate, malazi, viatu vipya vya chuma vya farasi wake na mtu wa kumbadilishia fedha, na mji ulimpatia vyote kwa malipo.

Juu ya hayo palikuwa na biashara ya mbali. Wakazi walilima zafarani kwenye mashamba yanayouzunguka mji na kuiuza hadi Misri na Shamu, na ilikuwa na thamani ya kutosha kutumika badala ya sarafu, kwani mwaka 1228 halmashauri ililipa sehemu ya madeni ya vita kwa zafarani. Mvinyo mweupe wa huko, Vernaccia, unatajwa katika kumbukumbu za ushuru za mwaka 1276. Wafanyabiashara waliofanikiwa walikopesha wengine fedha kwa riba, na faida ikapanda juu kwa umbo la mawe.

Anguko lilikuja kwa hatua, ila hatua ya kwanza ilikuwa kubwa mno. Mwaka 1348 tauni iliyoenea Ulaya nzima iliingia mjini na kuua watu wengi sana, si chini ya nusu ya wakazi kwa makadirio ya kawaida. Fikiria mji ambao ndani ya miezi michache umepoteza wakulima wake, mafundi wake na wenye hazina wake, huku koo mbili zilizobaki zikiendelea kuwindana. Mwaka 1353 ulijiweka chini ya Firenze (Florence), mji wenye nguvu zaidi, na uhuru uliodumu kwa zaidi ya miaka 150 ukaisha. Kisha njia nayo ikahama. Mabonde yalipokauka na kuwa salama zaidi, wasafiri na mizigo walishuka kufuata bonde la mto Elsa, miji ya chini kama Poggibonsi ikachukua biashara, na San Gimignano ikabaki kilimani bila wapitaji.

Umaskini huo ndio uliotuachia minara. Huko Firenze serikali ya wananchi iliamuru mwaka 1250 minara ya koo ipunguzwe, na baadaye matajiri wakabomoa ya zamani ili wajenge majumba ya mtindo mpya. San Gimignano hapakuwa na mtu wa kujenga jumba jipya. Minara mingi ilianguka yenyewe au ilikatwa ilipokuwa hatari, lakini iliyokuwa imara iliachwa ilipo, pamoja na vichochoro, visima na malango ya wakati wake. Nasema haya bila kusifu umaskini, kwa kuwa watu walioishi humo katika karne zile waliishi maisha magumu, na uzuri tunaoufurahia leo haukuwafaa kwa lolote.

Mpendwa Mhariri, tumsifu Yesu Kristo. Katika jumuiya yetu kuna dada aliyetueleza habari za Mtakatifu Fina wa San Gimignano. Ningependa kujua zaidi, kwa kuwa hayumo katika kalenda tuliyonayo. (Mama wa watoto wanne, Bujumbura)

Milele amina, mama. Fina alikuwa binti wa familia iliyoishiwa mali, aliyezaliwa mwaka 1238. Akiwa na umri wa miaka 10 hivi alipatwa na ugonjwa uliompooza, na masimulizi ya wenyeji yanaeleza kwamba alikataa kulala kitandani akachagua ubao wa mwaloni, ambao alilala juu yake kwa miaka 5 hadi alipofariki tarehe 12 Machi 1253. Inasimuliwa kwamba alipoinuliwa kutoka kwenye ubao huo palikutwa maua yamechipua, kwamba maua kama hayo yalitokea juu ya minara, na kwamba kengele zote za mji zilijilia bila mtu kuvuta kamba. Maua hayo bado huota kwenye nyufa za minara na kuta kila mwezi Machi, na watu wa huko huyaita kwa jina lake.

Kinachonigusa zaidi ni kilichofuata. Sadaka zilizoachwa na watu kwenye kaburi la msichana huyu zilitumika kuanzisha hospitali iliyopewa jina lake, ambayo iliwahudumia wagonjwa na mahujaji kwa karne nyingi. Roma haikuwahi kumtangaza rasmi kuwa mtakatifu kwa utaratibu wa kawaida, ndiyo sababu humwoni katika kalenda yako, lakini mjini kwake anaadhimishwa kila tarehe 12 Machi.

Kaburi lake limo katika Collegiata, kanisa kubwa la mji lililotabarukiwa na Papa Eugenio III mwaka 1148. Kikanisa chake kilibuniwa na Giuliano da Maiano mwaka 1468, na baada ya hapo Domenico Ghirlandaio, akiwa bado kijana, alichora kwenye lipu mbichi picha mbili za ukutani. Ya mazishi ndiyo ningekuomba uitafute hata kitabuni. Fina amelazwa mbele ya altare, mlezi wake Beldia, ambaye mkono wake uliharibika kwa kumtunza mgonjwa, anaugusa mkono wa marehemu na kupona, na nyuma ya waombolezaji inaonekana minara ya San Gimignano yenyewe, huku malaika akiigonga kengele.

Nafanya kazi hotelini Malindi na wageni wetu wengi ni Waitaliano. Mmoja alinihakikishia kwamba Dante, yule mshairi wao mkuu, aliwahi kufika katika mji huo. Ni kweli? Na zafarani yao ni hii hii tunayotia kwenye biriani? (Msomaji, Malindi)

Ni kweli. Dante Alighieri alifika Mei 1300 kama balozi wa Firenze, akazungumza mbele ya baraza ili kulishawishi litume wajumbe kwenye mkutano wa muungano wa Waguelfi wa Toscana. Ukumbi alimozungumza umo katika jumba la halmashauri na unaitwa kwa jina lake. Ukutani mwa ukumbi huo kuna picha kubwa ya Bikira Maria akiwa ameketi kwenye kiti cha enzi, iliyochorwa na Lippo Memmi mwaka 1317, kwa hiyo Dante hakuiona. Ukiwa humo usiondoke kabla ya kuingia chumba cha podesta, ambacho Memmo di Filippuccio alikipamba kwa picha za mapenzi na ndoa mwanzoni mwa karne ya 14: mume na mke wanaoga pamoja katika pipa la mbao, kisha wanaelekea kulala huku mjakazi akishika pazia. Mtu hategemei kuyakuta hayo kwenye ofisi ya mtawala, na binafsi nayapenda kuliko picha nyingi za wafalme.

Kuhusu zafarani, mmea ni ule ule. Ua lake ni la zambarau na hutoa nyuzi tatu nyekundu, na zinahitajika nyuzi za maua kama 150 ili kupata gramu 1. Maua huchumwa kwa mkono mwezi Oktoba na Novemba, alfajiri kabla hayajafunguka, kisha nyuzi zinachambuliwa na kukaushwa taratibu kwenye joto la makaa. Tangu 2005 zafarani ya San Gimignano inalindwa na sheria ya Ulaya kama zao la mahali pale, na huuzwa ikiwa nyuzi nzima badala ya unga, jambo linalomwezesha mnunuzi kuona anachokinunua. Vernaccia nayo ilikuwa mvinyo wa kwanza wa Italia kupewa ulinzi wa aina hiyo kitaifa, mwaka 1966.

Mimi ni mkazi wa Mji Mkongwe, Unguja, na nasikia San Gimignano nayo imo katika orodha ya urithi wa dunia. Je, wenyeji wamebaki au mji umeachiwa watalii? (Msomaji, Unguja)

San Gimignano iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 1990, miaka 10 kabla ya Mji Mkongwe wenu. Manispaa yake nzima, pamoja na vijiji na mashamba, ina watu kama 7,500, na wanaoishi ndani ya ukuta ni sehemu ndogo tu ya hao. Magari ya wageni huachwa nje ya malango. Mchana wa majira ya joto mtaa mkuu hujaa watu bega kwa bega, na maduka mengi yanauza zawadi na vyakula vya wageni, hivyo mwenyeji anayetafuta fundi viatu au duka la mahitaji ya kawaida mara nyingi hulazimika kushuka bondeni. Nyumba za ndani ya ukuta nazo zinawaletea wenyewe kipato kikubwa zinapokodishwa kwa wageni wa siku mbili tatu kuliko kwa familia. Nadhani, ndugu, hali hiyo haihitaji nikufafanulie zaidi.

Kutunza mawe ya zamani ni gharama isiyokwisha. Aprili 2018 kipande cha ukuta wa mji kiliporomoka, na ujenzi wake ukawa shughuli ya halmashauri na serikali. Hata hivyo wenyeji waliobaki wana maisha yao. Bado wanasali katika makanisa yao, wanakutana kwenye uwanja wa Piazza della Cisterna jioni wageni wa mchana wanapokuwa wameondoka, na kusherehekea siku za watakatifu wao. Katikati ya uwanja huo kipo kisima cha mwaka 1273 kilichopanuliwa mwaka 1346. Pitisha kidole kwenye ukingo wake wa jiwe na utahisi mifereji iliyochimbwa na kamba za watu waliovuta maji hapo kwa karne nyingi. Nje ya ukuta, chini ya mteremko, yapo matao ya chemchemi za kale ambako wanawake walikuwa wakifulia nguo. Wageni wachache hushuka huko, nao wanakosa mahali patulivu kuliko pote mjini.

Nasoma Ujerumani na nina likizo mwezi Machi. Nikifika Firenze, nifanyeje ili niuone mji huo vizuri bila gharama kubwa? (Mwanafunzi, Berlin)

Mwanangu, Machi ni wakati mzuri, kwa sababu umati haujafika na maua ya Fina yameanza kuonekana kutani. San Gimignano haina stesheni ya treni. Panda treni ya Firenze kuelekea Siena, ushuke Poggibonsi, na hapo nje ya stesheni kuna basi linalopanda kilimani kwa muda usiofika nusu saa. Kama mfuko unaruhusu lala usiku mmoja, hata kwenye chumba cha kawaida, kwa kuwa mji wa saa moja asubuhi si mji wa saa sita mchana. Panda Torre Grossa mara tu inapofunguliwa. Ngazi zake zinapita 200, na kutoka juu utaiona minara mingine kwa chini pamoja na mashamba ya mizabibu na mizeituni pande zote.

Kisha nenda upande wa kaskazini hadi kanisa la Sant'Agostino, ambako Benozzo Gozzoli alichora mwaka 1464 na 1465 maisha ya Mtakatifu Augustino, mwana wa Afrika ya Kaskazini, kuanzia siku alipopelekwa shuleni akiwa mtoto. Katika kanisa hilo hilo mtafute Mtakatifu Sebastiano, aliyechorwa na fundi huyo huyo mwaka 1464 tauni iliporudi: watu wa mji wamejikusanya chini ya vazi lake huku mishale inayotoka mbinguni ikivunjika juu yao. Siku za Jumapili mabasi ni machache, kwa hiyo tazama ratiba kabla hujapanda kilimani. La kurudi Poggibonsi utalikuta kituoni, hatua chache nje ya lango la San Giovanni.